Nani anachota maji yake?



Juma lililopita mwalimu wa jografia alitueleza habari za jangwa la Sonora, kule Arizona, Marekani. Wakati wa baridi wazee wengi wanakimbia theluji ya kaskazini, wanakuja karibu na mji wa Quartzsite na motokari zenye kitanda na jiko ndani. Kwenye ardhi ya serkali wanaweza kukaa siku 14 bila kulipa, kisha wanahama. Wengine wako peke yao kabisa.

Kwenye bweni tulicheka sana: mzee gani huyu asiye na mtoto wa kumtuma! Mimi pia nilicheka. Lakini usiku nilifikiri. Mzee yule anajua hesabu yake: karibu litri 4 za maji kwa siku, na yanapokwisha hakuna wa kumwita. Anayajaza yeye mwenyewe.

Na sisi wa mwaka wa sita? Kila asubuhi tunatuma wadogo wa madarasa ya chini mtoni na mabidoni, halafu sisi ndio tunaoga. Tena mimi kapita ndiye ninayepanga zamu. Nasema wazi: si haki. Tangu Jumatatu jina langu liko kwenye orodha ya wachota maji. Wenzangu wamekasirika, eti nawaharibia heshima. Basi waandike jibu lao hapa, tulisome wote.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa 6