Tuvitumikie Vyama Vyetu vya Taaluma

Nchi yetu haina upungufu wa vyama vya taaluma. Walimu wana vyama vyao, na vivyo hivyo madaktari, wauguzi, wahandisi, wahasibu, wanasheria na wakutubi. Lakini ukifika katika wilaya nyingi na kuuliza tawi la chama fulani linafanya kazi gani, utaonyeshwa muhuri, daftari la majina na katibu aliyechoka. Wanachama huonekana siku ya uchaguzi, au siku wanapokuwa na madai. Kazi za siku nyingine zote zimeachiwa watu watatu au wanne.

Hali hii haifai kuendelea. Chama cha taaluma si ofisi ya kupeleka malalamiko tu. Ni mahali ambapo mtu mwenye ujuzi huutoa kwa hiari, kwa faida ya wenzake na ya wananchi.

Watumishi wa serikali na walimu wana sababu ya pekee ya kulikumbuka jambo hili. Mwaka 1922, mjini Tanga, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika. Kiliwakutanisha makarani na walimu, Waislamu na Wakristo, wakati ambapo mkoloni alipenda kuwaona wametengana. Mwaka 1929 ikaundwa African Association mjini Dar es Salaam. Mwaka 1953 chama hicho, ambacho wakati huo kilijulikana kama TAA, kilimchagua Julius Nyerere kuwa rais wake, naye alikuwa bado mwalimu wa shule ya Pugu. Tarehe 7 Julai, 1954, TAA ikazaa TANU. Watu wale hawakulipwa posho ya kikao. Walijifunza kuongoza mkutano, kuandika kumbukumbu na kutunza fedha za wenzao kwa kuzifanya kazi hizo wenyewe, na maarifa hayo yakalifaa taifa zima.

Mifano ya karibu zaidi pia ipo. Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania, MEWATA, kilianzishwa mwaka 1987. Madaktari wake wametoka hospitalini mwao kwenda kuwapima wanawake saratani ya matiti na kuwaelimisha juu ya ugonjwa huo, ambao hutibika kwa urahisi zaidi ukigunduliwa mapema. Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, huwakutanisha walimu wa somo hilo katika semina, ambapo anayefundisha vizuri mada ngumu humwonyesha mwenzake njia anayoitumia.

Faida ya kwanza, basi, ni ya mwananchi anayehudumiwa. Faida ya pili ni ya mtumishi mwenyewe. Mwalimu pekee wa fizikia katika shule ya mbali hana wa kumwuliza anapokwama. Mhasibu wa halmashauri aliyeajiriwa juzi anaogopa kumwuliza mkubwa wake, asije akaonekana hajui kazi. Katika tawi la chama wote wawili hupata wenzao wa kuwasahihisha bila kuwaadhibu. Naye mstaafu, ambaye ujuzi wake wa miaka thelathini ungefungiwa ndani ya nyumba yake, hupata vijana wa kuwarithisha.

Faida ya tatu ni ya maadili. Mtu anayekaa pamoja na wenzake na kuzungumza juu ya miiko ya kazi yao huona aibu kuivunja. Mkaguzi hufika mara moja kwa mwaka, lakini macho ya wenzako yapo siku zote.

Hata hivyo, ni lazima tuseme wazi kwamba kujitolea kuna mipaka yake. Kijana aliyehitimu ualimu, anayefundisha vipindi vyote vya wiki bila mshahara kwa kuwa hajapata ajira, hafanyi kazi ya chama. Anaziba pengo la mwajiri. Kumwita mzalendo hakumlishi. Mtumishi anayejitolea katika chama chake hutoa sehemu ya muda wake wa ziada, akiwa na riziki yake, na wala haiachi kazi aliyoajiriwa kuifanya. Viongozi wasiyachanganye mambo haya mawili, kwani anayeona hiari imegeuzwa kuwa mzigo hatajitolea tena.

Vyama vyenyewe navyo vina wajibu. Mwanachama hawezi kujitolea katika tawi lisiloitisha mkutano wala kusoma hesabu zake hadharani. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Imani ya wanachama nayo huisha vivyo hivyo.

Tunatoa wito kwa kila mtumishi na kila mwalimu alitafute tawi la chama chake lililo karibu naye, na achague kazi moja anayoiweza. Anayejua hesabu akague vitabu. Anayejua kuandika ashike kumbukumbu. Mwenye uzoefu amchukue kijana mmoja na kumwelekeza kwa mwaka mzima. Wakuu wa idara na wakuu wa shule nao wawape ruhusa wanapohitajika katika semina.

Elimu tuliyo nayo ililipiwa na jasho la wakulima na wafanyakazi wa nchi hii, wengi wao wasiojua hata milango ya vyuo tulivyosomea. Saa mbili za kila Jumamosi ni malipo madogo ya deni hilo.