Maoni Yetu: Mwacheni Ajaze Tahasusi Mwenyewe

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, katika nyumba nyingi za Tanzania baba ndiye anayeshika simu na kuchagua tahasusi, yaani mchepuo wa masomo ya kidato cha tano. Tangu mwaka 2024 zipo 65, zikiwamo za lugha, sanaa na michezo, lakini mzee haoni nyingine ila PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia. Mtoto akisema anapenda historia, anajibiwa kwamba historia hailipi. Aking'ang'ania, mama ananuna siku mbili tatu, halafu linatoka lile kombora: "Usiponisikia, radhi zangu huna."

Hapo ndipo tunapotofautiana na wazazi. Hatusemi kijana wa miaka 16 aachwe ajiendee. Kumuuliza alikuwa wapi, kumpangia saa ya kurudi, kumnyang'anya simu usiku, hayo ni malezi, tena yanamkinga. Brian Barber, mtafiti wa Marekani, aliyatenga mambo haya mwaka 1996: kusimamia mwenendo wa mtoto ni kitu kimoja, kumtawala moyo kwa kumsusia na kumsimanga ni kingine. Hili la pili ndilo alilolikuta likiandamana na sonona.

Wala si ajabu. Kijana aliyeamuliwa kila kitu hajifunzi kukabili shida, anajifunza kuificha. Akifeli fizikia huko bwenini hampigii baba, kwa sababu masimango anayajua kwa moyo. Anakaa na shida yake peke yake, usingizi unamruka, anadanganya kuhusu ripoti, na nyumbani wanasema amekuwa na kiburi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mmoja kati ya kila vijana saba wenye miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Sababu ni nyingi, na si zote zinaanzia nyumbani. Ila hii ya nyumbani haingoji bajeti ya serikali.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa mtoto haki ya kusikilizwa katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Ada unalipa wewe, ni kweli. Atakayekesha na kemia miaka miwili ni yeye.

Mzazi, mwulize anataka kusoma nini na kwa nini. Mweleze hofu yako ya ada na ajira bila kumtishia radhi. Kisha mpe simu ajaze mwenyewe.