Farasi wa mgeni, punda wa mwenyeji

BARUA YA NYANDA ZA JUU
Na Tumaini Sanga

Kila maua ya Kitulo yanapochanua na wageni wenye kamera wakaanza kupandisha Makete, hoja ile ile hurudi vijiweni na kwenye vikao vya wadau: tulete farasi. Hifadhi haina simba wa kumtisha mpanda farasi, majani ni tele, baridi ipo, na Mzungu anapenda farasi. Kilichopungua, tunaambiwa, ni mwekezaji tu.

Mimi ni mtoto wa milima hiyo na ningefurahi ikipata wageni. Lakini hoja hii naipinga, na sababu zangu nimezitoa kwenye nchi ile ile ambayo watetezi wa farasi hupenda kuitolea mfano: Lesotho.

Lesotho ni milima mitupu, imezungukwa pande zote na Afrika Kusini. Mahali pake pa chini kabisa pako mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele chake, Thabana Ntlenyana, kinafika mita 3,482. Mgeni anaweza kupanda farasi Malealea, akalala kijiji hiki na kile kwa siku kadhaa, akapita maporomoko ya Ribaneng na Ketane, akashukia Semonkong, ambako mto Maletsunyane unaanguka mita 192 kwa mruko mmoja. Hoteli ya kifahari njiani hakuna. Unalala kwenye msonge wa mawe, godoro chini, na ugali unajipikia mwenyewe.

Farasi hao hawakuletwa kwa ajili ya mgeni. Waholanzi waliwashusha wa kwanza Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1653, wakitokea Java. Basotho walianza kuwapata miaka ya 1820 na 1830, zama za Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza, wengine kwa kununua, wengine kwa kuteka vitani. Ndani ya kizazi kimoja watu waliozoea kwenda kwa miguu wakawa taifa la wapanda farasi. Desemba 1852 Jenerali Cathcart wa Uingereza alipeleka jeshi uwanda wa Berea kuswaga ng'ombe wao, akakutana na wapanda farasi wa Moshoeshoe, akaona heri arudi. Katika vita vya Waingereza na Makaburu vya 1899 hadi 1902 farasi wa Basotho waliuzwa jeshini kwa maelfu, walio bora wakaondoka, mbegu ikadhoofika. Ilibidi nchi ije kuifufua miaka ya 1970 na 1980 kwa msaada wa Ireland, na hapo ndipo kilipoanzishwa kituo cha safari za farasi kwenye kipito cha Molimo Nthuse.

Kwa hiyo mtalii alimkuta farasi kazini. Hilo ndilo wenzetu wa vikao vya wadau hawalisemi.

Farasi niliyepewa mimi kule alikuwa mali ya mzee mmoja wa kijijini. Kijana aliyetuongoza alikaza mkanda wa tumbo, akasubiri kidogo, akakaza tena, kwa sababu farasi mjanja hujaza pumzi wakati wa kufungwa. Ukipanda, tandiko linazunguka nawe. Kwenye tambarare alikwenda telki, mwendo laini ambao hata mgeni wa farasi anaumudu. Tulipofika kwenye mteremko wa mawe kijana akaniambia nilegeze hatamu, niache kumfundisha farasi kazi. Mnyama akashusha kichwa, akanusa jiwe, akalipima kwa kwato moja, ndipo akaweka uzito. Njia ile alishaipita na magunia. Mbele kidogo tulipishana na wenzake wawili waliobeba mahindi kwenda mashineni, mtoto akiwafuata nyuma amejifunika blanketi. Tukafika kwenye nyumba yenye bendera nyeupe juu ya mti, dalili kwamba pombe ya mtama imeiva. Farasi wakasimama wenyewe kabla kijana hajasema neno.

Utaratibu wao ni rahisi. Farasi ni wa wanakijiji, si wa hoteli. Wageni wakifika, farasi wanaitwa kwa zamu, na mwenye farasi analipwa. Anayeongoza njia ni kijana wa hapo hapo. Msonge unaolala una mwenyewe, naye analipwa. Mgeni akiondoka, farasi anarudi kwenye mahindi, kwenye sufu, kwenye msiba wa kijiji cha pili. Mwaka 2020 mipaka ilipofungwa kwa ajili ya korona, farasi wa aina hii alikosa mgeni lakini gunia la kubeba hakulikosa.

Sasa tujiulize kwa nini sisi hatuna farasi wa namna hiyo. Si kwamba babu zetu walikuwa wavivu wa kufuga. Ni wadudu. Kwenye pori la mbung'o farasi hana maisha marefu, anaugua nagana. Na pale pasipo na mbung'o kuna usubi, ule mdogo unaouma usiku, unaoeneza homa ya farasi ya Afrika. Kwa farasi asiye na kinga, vifo huweza kufikia asilimia 90. Pundamilia anabeba virusi hivyo bila kuugua. Punda naye huugua kwa nadra. Ndiyo maana utamaduni wa farasi kusini mwa Sahara ulishika mizizi zaidi kwenye baridi na kwenye ukame kuliko kwenye joto la mvua.

Nenda Ethiopia, ni hadithi hiyo hiyo. Nyanda zake za juu zina farasi wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika. Wakuu wa zamani walijulikana kwa majina ya farasi wao: Menelik wa Pili alikuwa Abba Dagnew, Ras Alula alikuwa Abba Nega. Watu wa Agaw wa Awi wana chama chao cha wapanda farasi tangu mwaka 1940, na kila Januari wanakusanyika Injibara kuwakumbuka waliopigana Adwa mwaka 1896. Mtalii anayekodi farasi milima ya Bale anakodi mnyama wa watu wanaomjua tangu utotoni.

Mtetezi wa farasi atanijibu kwamba Kitulo nayo ni baridi. Kweli, uwanda uko mita 2,600 hivi, na Juni kuna sakitu. Lakini baridi peke yake haifugi farasi. Anataka saisi, fundi wa kwato, fundi wa matandiko, chanjo ya kila mwaka, na mtu wa kumtambua mgonjwa kabla hajaanguka. Lesotho ujuzi huo uko nyumba kwa nyumba. Makete itabidi uletwe pamoja na farasi, na atakayeuleta ndiye atakayekuwa mwenye mali. Mwanakijiji ataingia kwenye biashara hiyo kama kibarua.

Simbezi kazi ya kibarua. Kenya, kule Laikipia, Chyulu na Maasai Mara, na hapa kwetu magharibi mwa Kilimanjaro, zipo safari za farasi zinazoendeshwa vizuri, na masaisi wake ni mafundi hasa. Mgeni wake ni mtu aliyejifunza kupanda tangu shule, analipa dola mia kadhaa kwa usiku mmoja, anapata anachokitaka. Biashara halali, iendelee. Ninachokataa ni kuiita utalii wa wananchi. Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapo anayepona ni mwenye zizi.

Na Lesotho yenyewe si peponi. Wizi wa mifugo unawasumbua, vijana wengi wamevuka kwenda kutafuta kazi Afrika Kusini, na lami sasa imefika Semonkong. Kila gari linalopandisha gunia mlimani linampunguzia farasi kazi. Ikifika siku amebaki na kazi ya kubeba watalii tu, wenye farasi watauza, na zile siku nzuri za msonge na maporomoko zitabaki kuwa bidhaa ya kampuni. Wenyewe wanalijua.

Turudi kwetu basi, tumtafute mnyama wetu mwenye kazi. Tunaye: punda. Karatu, Mbulu na Ngorongoro yeye ndiye anayeleta maji, kuni, mahindi na saruji pale ambapo gari halifiki. Na si mgeni kwenye utalii. Wanaotembea kwa miguu kutoka Nainokanoka kupita Olmoti na Empakaai, wakateremka kuelekea Ol Doinyo Lengai na Ziwa Natron, mara nyingi mahema yao hubebwa na punda wa Wamaasai. Mgeni anatembea, mzigo unapanda punda. Usubi haumtishi, mbuga anaijua, na mwenyewe yupo kijijini.

Tena tulikaribia kumpoteza. Ngozi yake ilipopata soko China kwa ajili ya ejiao, dawa ya asili inayotengenezwa kwa kuichemsha, machinjio ya punda yalifunguliwa Kenya na hapa kwetu, wezi wakapata kazi ya usiku, na akina mama waliamka wakakuta kamba tupu. Tanzania ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2022. Februari 2024 Umoja wa Afrika ukasimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15 barani kote. Marufuku inamzuia mnunuzi, sawa, ila haimwongezei mwenye punda senti. Mwenye punda anahitaji sababu ya kumtunza, na mgeni wa milimani anaweza kuwa sababu hiyo.

Ila mgeni huyo ana macho. Mtazame punda anayetoka mnadani: gunia kuukuu ndilo tandiko, kamba ya nailoni imekata nyuma ya mguu wa mbele, uti wa mgongo umechunika na inzi wamejaa kwenye kidonda. Ukimleta hivyo mbele ya mtu aliyelipa nauli kutoka Ujerumani, hatalipia siku ya pili, na mimi sitamlaumu. Kwa hiyo kazi inaanzia mgongoni mwa punda: tandiko lenye mto wa kitambaa, mkanda mpana badala ya kamba, kikomo cha mzigo, siku ya kupumzika.

Mengine tuyachukue Lesotho kama yalivyo. Wenye punda waandikishwe kijiji kwa kijiji, wakiwemo akina mama, maana mara nyingi ndio wanaowatumia. Zamu ibandikwe mahali pa wazi, kila mtu aisome. Mzigo upimwe mbele ya mgeni. Mwenye punda alipwe siku ile ile, mkononi au kwa simu, badala ya kungoja kamati ikae. Anayelala kijijini alipie nyumba ya kijijini.

Kwa kazi hiyo halmashauri za Karatu na Mbulu hazina haja ya kumsubiri mwekezaji wala ndege ya kuleta farasi. Zinahitaji daftari, mizani, na bwana mifugo anayefika siku aliyosema atafika.