Kumheshimu Daktari si Kunyamaza

Naomba radhi mapema kwa watakaokwazika. Kuna maneno yamezoeleka mno katika jumuiya yetu hapa Uingereza, nami nimechoka kuyasikia: “Daktari ndiye ajuaye, wewe ni nani hata umhoji?” Tunayasema kana kwamba ni adabu. Mimi nasema ni woga uliovishwa kanzu, na kwa mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson woga huo una gharama kubwa.

Ninao ugonjwa huu, mwaka wa sita sasa. Nautaja kwa jina lake kwa kuwa wengi wetu huuita “ule wa kutetemeka” tukaishia hapo, au huuchanganya na kiharusi, au, tusidanganyane, hunong'onezana kwamba fulani kachezewa. Jina hilo ni la tabibu wa London, James Parkinson, aliyeueleza ugonjwa mwaka 1817. Ndani ya ubongo zimo seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili. Seli hizo hufa polepole, na dalili zinapoanza kuonekana kwa macho, uharibifu umeshafika mbali. Wala kutetemeka si lazima. Wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa, ila wamekuwa wazito, hatua zimefupika, mwandiko umekuwa mdogo kama wa chungu, uso umekauka hauonyeshi furaha wala hasira. Ni wangapi tumewaita wenye majivuno kwa sababu hawakutuchekea harusini?

Ugonjwa huu hauna kipimo cha damu cha kawaida kinachomaliza ubishi. Ipo picha ya ubongo inayosaidia penye shaka, lakini kwa kawaida daktari huutambua kwa kukutazama unavyotembea, kukushika mkono na kukusikiliza. Sasa niambieni, ugonjwa unaotambuliwa kwa kutazama na kusikiliza utatibiwaje na mtu asiyetazama wala kusikiliza?

Daktari wangu wa kwanza alikuwa na elimu yake, siibishi. Lakini aliandika dawa macho yakiwa kwenye kompyuta. Nilipomweleza kwamba kidonge cha saa moja asubuhi hakishiki mpaka saa tatu, na hata kikishika kinakwisha nguvu kabla ya saa tano, alisema wagonjwa wote hulalamika hivyo. Mimi ni mhandisi wa umeme. Mtambo ukizimika saa ileile kila siku hatusemi mtambo unalalamika, tunatafuta sababu. Basi nikaandika mwezi mzima: saa niliyomeza dawa, saa iliyoshika, saa iliyoachia, na nilichokula. Nilimpelekea karatasi zile. Hakuzifunua.

Nikaomba kuhamishwa. Hapo ndipo nilipolaumiwa, si na hospitali, bali na ninyi ndugu zangu. Sina shukrani, mlisema, nimesahau kwamba hizi ni nchi za watu.

Nchi za watu! Kodi hukatwa kwenye mshahara wangu kila mwezi bila kuulizwa natoka wapi. Mwongozo wa taasisi ya NICE wa mwaka 2017 unasema anayeshukiwa kuwa na Parkinson apelekwe haraka kwa bingwa kabla hajaanzishiwa dawa, na umeeleza pia nafasi ya nesi bingwa ambaye mgonjwa anaweza kumwuliza. Unayo haki ya kuchagua kituo cha GP. Unaweza kuomba maoni ya daktari wa pili. Sheria haiwalazimishi kukubali, lakini ni nadra kukataliwa. Mkalimani ni bure. Halafu sisi tunamtoa mtoto wa miaka kumi na miwili darasani aende kumtafsiria bibi yake habari za choo na ndoto mbaya! Bibi ataficha nusu, na mtoto ataficha nusu iliyobaki.

Daktari niliyempata baadaye si mtu wa miujiza. Ugonjwa wangu uko palepale na unaendelea. Lakini alizisoma zile karatasi ukurasa kwa ukurasa, akaniuliza: asubuhi unakula nini? Mayai na maharage, nikamwambia, mara nyingi pamoja na kidonge. Akanieleza kwamba protini hushindana na levodopa njiani, basi nimeze dawa kwa maji nusu saa kabla ya kula. Kisha akaigawa dozi iwe ndogo ndogo, mara nyingi zaidi. Dawa ni ileile. Tofauti ni kwamba vifungo vya shati nafunga mwenyewe.

Aliniuliza pia kuhusu usingizi, kufunga choo na huzuni, mambo ambayo mwanamume wa kwetu hayasemi asipoulizwa. Kabla ya Ramadhani aliniuliza yeye kwanza kama nakusudia kufunga, naye si Mwislamu, akanionya kwamba kuikatisha levodopa ghafla ni hatari. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga tunaijua sote, ila tunapenda kuonekana mashujaa.

Hata habari ya upupu nilimweleza. Ndiyo, upupu uleule uliotuwasha utotoni: mbegu zake zina levodopa ya asili, na wapo wanaoletewa unga wake kutoka nyumbani. Hakucheka. Alisema mwenye kumeza vidonge akaongeza unga juu yake hajui tena amekunywa kiasi gani. Kwa daktari wa kwanza nisingethubutu kulitaja neno hilo.

Najua jibu lenu: nyumbani watu hawana hata huyo asiyesikiliza. Kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliwapata wagonjwa 33 katika watu zaidi ya 160,000, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Lakini mzee wa Hai anapataje nafuu kwa mimi kunyamaza hapa? Kama tunamwonea huruma, tuchange tununue levodopa, ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Na mzazi wako akilazwa hapa, mwambie nesi wa wodi saa kamili za dawa zake. Kiwango cha ubora cha NICE cha mwaka 2018 kinataka levodopa itolewe ndani ya dakika 30 za saa iliyopangwa. Wakikuambia asubiri mpaka kigari cha dawa kipite, uliza tena, na ukiona aibu uliza hivyo hivyo na aibu yako.

Kamati yetu ina orodha ya wapishi wa harusi na ya wasomaji wa maulidi. Naomba ianzishe orodha ya watu wazima wa kusindikizana kwa daktari, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume, wenye Kiingereza cha kutosha na midomo ya kufunga siri. Jina langu liandikwe la kwanza. Napatikana kuanzia saa mbili asubuhi, dawa ikishashika.