Sauti ya Injini Isikilizwe Kabla Injini Haijafunguliwa

Katika visiwa vyetu gari la umma si pambo la ofisi. Ndilo linalompeleka mkunga kijijini, ndilo linalochukua dawa kutoka bandari ya Mkoani, na ndilo linalomkimbiza mja mzito hospitali usiku wa manane. Kwa hivyo gari hilo linapowekwa juu ya mawe, hasara haimpati mhasibu peke yake, bali humfika mwananchi mlangoni pake.

Ni jambo la kusikitisha kwamba yako magari yanayowekwa juu ya mawe kwa hukumu ya haraka. Injini hugonga, dereva huarifu, fundi hutega sikio dakika moja kisha hutamka kwamba injini imekwisha na ifunguliwe. Ofisa huidhinisha, vipuri huagizwa, meli hungojewa. Baada ya miezi gari hurejea barabarani na ugonjwa wake ule ule, kwa kuwa kilichoharibika tangu awali ni chujio la mafuta. Sisi tunasema kwamba huo ni utaratibu wa dhana, na dhana si yakini.

Yafaa kwanza tufahamu kugonga ni nini. Katika injini ya petroli, plagi huwasha mchanganyiko wa mafuta na hewa, na moto husambaa kwa mpango ukiisukuma pistoni. Lakini sehemu ya mchanganyiko ikijiwasha yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, hutokea mshindo mkali, na sikio husikia mlio wa kokoto ndani ya kopo la bati. Mshindo huo ukiachwa uendelee, pistoni huweza kupasuka au kutoboka. Sababu zake zinajulikana: petroli dhaifu, taimingi iliyotangulizwa mno, joto kupita kiasi, masizi ndani ya silinda, na mchanganyiko wenye hewa nyingi na mafuta machache.

Sababu hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Gari lenye chujio lililoziba au pampu iliyochoka huwaka vizuri asubuhi na kwenda vizuri penye tambarare. Likipakia mzigo na kuanza kupanda vilima vya Pemba, injini hudai mafuta mengi, pampu hushindwa kuyafikisha, mchanganyiko hukonda, nguvu hupungua na kugonga huanza. Gari likipumzika kidogo hurudia hali yake, na dereva hudhani kwamba limepona. Katika magari mengi ya kisasa kipo kifaa kinachosikia mgongo huo na kuichelewesha taimingi. Basi mlio huenda usisikike kabisa, ila gari huwa zito na hula mafuta kuliko ada yake.

Dunia nayo iliwahi kushika njia ya mkato katika jambo hili. Mwaka 1921, nchini Marekani, Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors aligundua kwamba risasi ikitiwa katika petroli huzuia kugonga. Injini zilitulia, lakini sumu ilitapakaa hewani na kuwadhuru watoto kwa vizazi kadhaa, hata nchi ya mwisho ikaacha kuuza petroli hiyo mwaka 2021. Leo nguvu ya petroli hutokana na usafishaji wake na viungo vingine, nayo hupotea mara mtu mwenye tamaa anapoichanganya na mafuta ya taa. Anayeuza mchanganyiko huo anauza injini ya mwenzake.

Uchunguzi, basi, una daraja zake, na hauanzii kwenye spana kubwa. Daraja ya kwanza ni sauti. Mlio mkali wakati wa kupanda mlima huelekeza kwenye mafuta, taimingi au joto. Mlio mwepesi unaofuata mwendo wa injini hata ikiwa imesimama bila mzigo, mara nyingi hutoka kwenye valvu. Mgongo mzito wa chini, hasa pale shindikizo la oili linapopungua, ndio wa kuogopwa, kwa kuwa huashiria beringi za konrodi. Hapo injini izimwe mara moja.

Daraja ya pili ni mafuta yenyewe. Yakingwe katika chupa ya kioo na yaachwe yatulie, maana maji hukaa chini ya petroli na uchafu huonekana kwa macho. Pipa lililosimamishwa uani hukusanya maji ya mvua juu ya kifuniko chake. Likipoa usiku, hewa ya ndani hunywea na maji huvutwa kupitia kizibo. Pipa lilazwe au liinamishwe, tena chini ya paa.

Daraja ya tatu ni kipimo. Shindikizo la mafuta lipimwe gari likiwa na mzigo, wala si likiwa limesimama tu, kisha lilinganishwe na kitabu cha gari lenyewe. Kama gari lina kompyuta, isomwe. Lakini msimbo kama P0171, unaosema mafuta ni machache, ni shahidi tu, si hakimu. Huenda kosa likawa pampu, huenda likawa mpira wa hewa uliopasuka.

Kwa magari ya dizeli tunaongeza onyo. Dizeli hugonga kidogo kwa maumbile yake, hasa injini ikiwa baridi. Katika injini za zamani fundi hulegeza bomba la nozeli moja moja ili aijue yenye kasoro. Katika injini mpya zenye bomba moja la shindikizo kubwa, jambo hilo ni haramu ya ufundi, kwani mafuta yanayofyatuka hapo hupenya ngozi na huweza kumpoteza mtu mkono wake.

Watatokea watakaosema kwamba gereji zetu hazina vipimo. Tunakubali kwamba ziko zisizo navyo, lakini kipimo cha shindikizo ni cha bei ndogo mno mbele ya injini moja iliyofunguliwa bure. Wengine watasema madereva hawaarifu mapema. Ni kweli, nao hawaarifu kwa sababu wa kwanza kuarifu ndiye wa kwanza kulaumiwa. Mkuu wa idara anayemkemea dereva mkweli anajinunulia ukimya, na ukimya huo atakuja kuulipia kwa injini iliyonoki.

Kwa hivyo tunatoa wito kwa watendaji wa Serikali wa ngazi zote. Hati ya kufungua injini isitiwe saini mpaka iambatane na karatasi ya uchunguzi yenye jina la fundi: sauti gani ilisikika, mafuta yalionekanaje, shindikizo lilikuwa kiasi gani. Machujio yabadilishwe kwa wakati wake, si kwa msiba. Na dereva anayeandika kasoro katika kitabu cha safari ahesabiwe kuwa mlinzi wa mali ya umma.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu hujengwa kwa fedha za mvuvi, mkulima wa karafuu na mama muuza mwani, ambao wana haki ya kuuliza ni nani aliyesikiliza kabla ya kufungua.