Oveni mnatuuzia, vioo vyake viko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wafanyabiashara wa majiko ya umeme. Oveni wanatuuzia, lakini ukihitaji kipuri hawana.

Mimi naoka keki za oda nyumbani. Mwezi uliopita kioo cha mlango wa oveni yangu kilipasuka keki ikiwa ndani, kikamwagika sakafuni chembechembe. Nilirudi dukani nilikoinunua, risiti mkononi, dhamana haijaisha. Nikaambiwa dhamana haihusu kioo, na kioo peke yake hakiuzwi. Ninunue oveni mpya. Kwa kioo tu!

Fundi wa mtaani, kijana mwenye nia njema, alinikatia kioo cha dirisha. Kilipasuka mara oveni ilipopata moto. Kioo cha oveni huimarishwa kiwandani kwa kuchomwa kwenye joto kali kisha kupozwa haraka, na baada ya hapo hakikatwi tena. Lazima kiagizwe kwa vipimo vyake. Koili ikiungua au thamostati ikifa, fundi huyohuyo hununua nyingine Kariakoo akafunga. Kioo ndicho kinachotutesa, na watoto wanapita mbele ya mlango huo kila siku.

Naiomba Tume ya Ushindani itujibu kupitia gazeti hili: je, muuzaji anaruhusiwa kuuza kifaa ambacho hana vipuri vyake? Na msomaji anayejua vioo hivi vinapoagizwa, tafadhali atuandikie.

Mama Muoka Keki,
Tabata, Dar es Salaam