Seli za kinga zihesabiwe Mbeya na Iringa

Uvimbe wa saratani ya titi haujengwi na seli za saratani peke yake. Ndani yake zimo pia seli za kinga: limfosaiti zinazoshambulia ugonjwa, na makrofaji ambazo mara nyingi hugeuzwa na uvimbe huohuo zikaanza kuulinda. Dawa ya pembrolizumab huondoa breki ambayo uvimbe umezifungia limfosaiti. Utafiti wa KEYNOTE-522 uliwahusisha wagonjwa 1,174 wa saratani isiyo na vipokezi vitatu, aina kali inayowapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika. Baada ya miaka 5, asilimia 86.6 ya waliopewa dawa hiyo pamoja na tibakemikali walikuwa hai, dhidi ya asilimia 81.7 ya waliopata tibakemikali bila dawa hiyo. Hata hivyo, wanawake weusi katika utafiti huo walikuwa wachache mno, na majaribio mengi ya dawa za aina hii yamewaacha nje watu wanaoishi na VVU. Kwa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania pengo hilo ni kubwa. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU ya asilimia 11.1 kwa watu wazima wa Iringa na 9.6 wa Mbeya, huku wastani wa nchi ukiwa 4.4. VVU hushambulia baadhi ya limfosaiti, kundi la seli ambalo tiba hii inalitegemea. Hatuwezi basi kuazima majibu ya kwingine na kudhani yanawatosha wanawake wetu.

Wapo watakaosema kwamba wagonjwa wetu wengi hufika hospitali uvimbe umeshakomaa, na kwamba dawa hii ni ghali kupita kiasi. Yote mawili ni kweli, na uchunguzi wa mapema lazima utangulie. Lakini kuhesabu limfosaiti hakuhitaji dawa hiyo. Kunahitaji kipande cha uvimbe, hadubini, rangi zinazotumika kila siku katika maabara za patholojia, na mtaalamu aliyefundishwa. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya wanawake 1,966 wenye saratani isiyo na vipokezi vitatu ambao hawakupata tibakemikali. Kwa waliokuwa hatua ya kwanza, asilimia 95 ya wenye limfosaiti nyingi ndani ya uvimbe walikuwa hai baada ya miaka 5. Kwa wenye chache, asilimia 82. Hesabu hiyo inampa daktari mwanga juu ya mgonjwa wake hata pale duka la dawa lilipo tupu. Uhaba wa wanapatholojia ndicho kikwazo halisi, nacho huondolewa kwa kusomesha watu.

Kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kimeshiriki majaribio ya chanjo ya VVU kwa miaka mingi, na kupima seli za kinga ni kazi kinayoijua. Wizara ya Afya ikiunganishe na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya na ya Mkoa wa Iringa, ili kila sampuli ya saratani ya titi ihesabiwe limfosaiti zake na hali ya VVU ya mgonjwa iandikwe kwa ridhaa yake.